Eglantyne Jebb, mamzele aliyelomba maziwa kwa watoto wa adui

Wengi wenu, ba baba na ba mama wa ku migodi, mumekwisha kusikia jina la Save the Children. Ni shirika la kusaidia watoto, limefika mu inchi nyingi, hata kwetu Kongo. Lakini mutu aliyelianzisha, wachache wanamujua. Alikuwa mamzele wa Uingereza, jina lake Eglantyne Jebb. Hakuolewa, hakuzaa, na hata kukaa na watoto mu kalasi kulimushinda. Sasa inapata karibu miaka mia moja tangu alipokufa. Tunamuleta mu ukurasa huu juu ya mambo mawili. Alijua kulomba feza kupita watu wengi wa wakati wake, na feza ile aliilomba kwa ajili ya watoto ambao watu wa inchi yake hawakutaka hata kusikia habari zao. Na kati ya wale waliomupa, kulikuwa wachimbaji wa migodi.

Alizaliwa tarehe 25 ya mwezi wa nane 1876, mu jimbo la Shropshire, karibu na Ellesmere, inchi ya mashamba na ngombe. Jamaa yake walikuwa watu wa kujiweza: nyumba kubwa, farasi, kabati za vitabu. Mama yake alikuwa ameanzisha chama cha kufundisha watu wa mashamba kazi za mikono. Baba alikufa mapema. Halafu ndugu yake mudogo, Gamul, akafariki na ugonjwa wa mapafu akiwa angali ku masomo, miaka 16. Kulikuwa shangazi mumoja mu nyumba, mwanamuke wa akili na maneno makali, aliyetaka mabinti wa jamaa wasome kama vijana wanaume. Njo vile mu 1895 Eglantyne akaingia Oxford, akasoma historia. Wakati ule binti ku univerisite lilikuwa jambo la kushangaza.

Alipomaliza, akataka kutumikia watu maskini. Akajifunza ualimu, akapewa masomo ya mabinti wa wafanyakazi ku Marlborough. Hakumaliza hata miaka miwili. Kazi ilimuchosha, afya ikaharibika, na yeye mwenyewe aliandikia marafiki bila kuficha kwamba hana zawadi ya kufundisha na kwamba watoto wanamushinda. Tunapenda kufikiri kwamba anayesaidia mayatima ni lazima awe mutu wa kubeba watoto mu mikono na kuwaimbia. Huyu hakuwa hivyo. Alikuwa mutu wa hesabu, wa kupanga, wa kuandika mikanda usiku. Akahamia Cambridge pamoja na mama yake, akaingia mu chama cha kupanga misaada ya muji. Mu 1906 akatoa kitabu juu ya Cambridge: nyumba za maskini, kazi, pombe, vijana waliokuwa hawana kazi ya kudumu. Alitembea akiuliza, akahesabu, ndipo akaandika.

Mara ya kwanza kuona maangamizi ya vita kwa macho yake ilikuwa mu 1913. Vita ya Balkani ilikuwa imepita Makedonia, vijiji vimeunguzwa, watu wamekimbia. Mume wa dada yake Dorothy, Charles Roden Buxton, alikuwa anajishurulisha na inchi zile, na Eglantyne akatumwa kupeleka feza za msaada na kuona namna zinavyogawanywa. Alikuta wakimbizi wa kila kabila na kila dini, na kila kundi linasema wengine njo wabaya. Aliporudi akazunguka Uingereza kulomba michango. Watu walitoa kidogo. Baridi ilikuwa imekwisha, gazeti zimegeukia habari zingine. Kitu kile alikiona mapema, na hakukisahau: taabu ya mbali inaishi mu mawazo ya watu paka siku chache.

Halafu 1914, Vita Kubwa.

Hapa lazima tuseme juu ya Dorothy, maana bila yeye hakuna hadisi. Wakati wa vita, gazeti za Uingereza zilikuwa zinaandika mambo ya ushindi na ya chuki tu. Dorothy akalomba ruhusa ya Serikali kuingiza gazeti za inje, hata zile za adui, na pamoja na watu wa kujitolea akazitafsiri na kutoa vipande kila juma mu gazeti moja ya Cambridge. Eglantyne akatumika kwa zile za Kifaransa. Hivyo dada hawa wawili wakasoma kile ambacho jirani zao hawakusoma: kwamba mu Ujerumani na mu Austria njaa imeingia mu nyumba, na wanaokufa mbele ni watoto wadogo.

Sababu ya njaa ile si ukame peke yake. Masuwa za vita za Uingereza zilifunga bahari ili chakula kisifike kwa adui. Watu wengine wanazani kwamba tarehe 11 ya mwezi wa kumi na moja 1918, bunduki ziliponyamaza, mulango ulifunguliwa. Hapana. Kizuizi kiliendelea mpaka mwaka 1919, ili Ujerumani ikubali kutia mukono ku mapatano ya amani. Miezi na miezi, vita imekwisha na maziwa hayapite. Mu Vienna, muji mukubwa wa Austria, watoto wa miaka mitatu na mine walikuwa hawawezi kutembea. Mifupa ilikuwa imelegea kwa kukosa mafuta na maziwa, miguu imepinda. Kifua kikuu kikaingia mu nyumba ambazo hazikuwa na makaa.

Mwanzoni mwa 1919 dada hao na wenzao wakaunda baraza la kupigana na njaa. Walitaka Serikali ifungue bahari. Ilikuwa siasa, na siasa inakawia. Eglantyne akachukua njia ya barabara: akatengenezesha karatasi zenye foto ya mutoto wa Austria aliyekonda, kichwa kikubwa juu ya mwili mudogo, na maneno yanayosema kwamba kizuizi njo kinafanya hivi. Mu mwezi wa ine akazigawa mu Trafalgar Square, katikati ya London. Polisi wakamukamata, yeye na mwenzake Barbara Ayrton Gould. Kosa lao: sheria ya wakati wa vita iliomba kila karatasi kama ile ipite kwanza mbele ya wakaguzi wa Serikali, na zile hazikupita.

Tarehe 15 ya mwezi wa tano 1919 akasimama mbele ya tribinali ku Mansion House. Alikuwa na miaka 42. Alijitetea mwenyewe. Ku upande wa sheria hakuwa na njia, kosa lilikuwa wazi. Basi akaongea juu ya watoto. Waandishi wa gazeti walikuwa mu chumba, na yeye alijua wapo. Juji akamukatia amande ya paundi 5, wakati angeweza kumutoza nyingi sana kwa hesabu ya karatasi alizogawa. Na hapo jambo la ajabu likatokea. Mushitaki wa Serikali, Sir Archibald Bodkin, yule yule aliyetoka kumushitaki, akatoa paundi 5 mu mufuko wake, akamupa mbele ya watu. Eglantyne hakuzitumia kulipa amande. Aliziandika kama mchango wa kwanza wa mufuko mupya ambao walikuwa wanatayarisha kuanzisha. Mimi naona hapo ufundi wake wote: mutu mwingine angerudi nyumbani na aibu ya tribinali, yeye akarudi na habari ya kuandikwa mu gazeti na franka za kwanza mu daftari.

Siku ine nyuma, tarehe 19 ya mwezi wa tano, wakafanya mukutano mu Royal Albert Hall, jumba kubwa la London. Lilijaa. Wanasema wengine walikuja na matunda yaliyooza ya kumurushia yule mwanamuke anayetaka kulisha watoto wa Wajerumani. Tufikiri kidogo hasira ile. Hapakuwa nyumba ambayo haikuzika kijana. Mama aliyepoteza mwana ku vita, leo unamulomba peni kwa ajili ya mutoto wa yule aliyemuua mwana wake. Sisi wa Likasi na Kolwezi hatuhitaji mutu wa kutufasiria jambo hilo. Wale waliokuwa wakubwa mu 1992 na 1993 wanakumbuka jamaa zilizolala ku gare na watoto wao zikingoja treni, na namna jirani wa jana anavyoweza kupewa jina la adui kwa siku moja. Wanakumbuka pia nani alipeleka maji kule, na nani aliogopa.

Sauti ya Eglantyne mwanzoni haikusikika vizuri mu jumba. Ikapanda kadiri alivyoendelea. Hakulomba mutu asamehe serikali ya Ujerumani. Aliuliza tu kama kuna mutu anayeweza kuangalia mutoto anakufa na njaa na asifanye kitu. Matunda yakabaki mu mifuko, michango ikakusanywa. Njo hapo Mufuko wa Kuokoa Watoto, Save the Children Fund, ulizaliwa. Watu wengi walizani ni kazi ya miezi michache. Dorothy mwenyewe, aliyekuwa na wazo mbele, akarudia siasa upesi. Eglantyne akabaki na muzigo ambao hakuutafuta: karani mukubwa wa kujitolea, bila mushahara, mpaka kufa kwake.

Mwanzoni Mufuko haukupeleka watu wake kule mbali. Haukuwa na magari, wala jiko hata moja. Ulichanga feza na kuzigawa kwa wale waliokuwa tayari mahali pale, kama vile Waquaker waliokuwa wanalisha watoto mu Vienna. Wengi siku hizi wanaanza na kuchapa shati na kutafuta gari. Yeye alianza na kuuliza nani anafanya kazi ile tayari na anakosa nini.

Sasa tufike ku wachimbaji. Shirikisho la sendika za wachimbaji wa makaa wa Uingereza lilikuwa na nguvu sana wakati ule, memba mamia ya maelfu. Mukubwa wake alikuwa Robert Smillie, mutu wa Scotland aliyeshuka chini ya udongo angali kijana, na mwaka 1919 wote alikuwa anabishana na Serikali juu ya mishahara na saa za kazi. Shirikisho lile likatoa paundi 10.000 kwa watoto wa Vienna. Usizani ni feza ya tajiri mumoja. Ilitoka mu kisanduku cha sendika, maana yake mu makuta ya kila juma ya watu waliokuwa wanakohoa vumbi la makaa. Ukigawanya kwa hesabu ya memba, kila mutu alitoa kitu kidogo sana, pengine bei isiyofika mukate. Lakini zawadi ile ilikuwa na uzito ambao cheki ya mukubwa haina. Kama wachimbaji, waliozika wana wao ku vita sawa na wengine, wanalisha watoto wa Vienna, ni nani angeendelea kusema kwamba kazi hii ni ya mabibi wasio na shuruli?

Na wachimbaji wale hawakuwa watu wa shibe. Mu mwezi wa ine 1921 makampani ya makaa yalifunga milango ya migodi juu ya mabishano ya mushahara, na kwa miezi mitatu jamaa zao zilikaa bila kitu. Mufuko nao ulifika kufanya kazi kwa watoto wa Uingereza yenyewe. Mu miaka ya 1930, Eglantyne akiwa amekwisha kufa, ulifungua masomo ya watoto wadogo mu sehemu ambazo kazi ilikuwa imekufa. Mutu aliyeona kampani ikisimama, na mushahara ukikawia mwezi juu ya mwezi, anajua thamani ya sahani ya mutoto mu wakati kama ule.

Eglantyne alijua kugonga mulango wowote. Alilomba Askofu Mukubwa wa Canterbury aagize makanisa yote ya Anglikana yachangie siku moja, huyu akasitasita. Akaandikia Roma. Baba Mutakatifu Benedikto wa XV hakusitasita: mwisho wa 1919 akaandikia makanisa yote ya Katolika ya dunia kwamba wakusanye michango tarehe 28 ya mwezi wa kumi na mbili, sikukuu ya Watoto Watakatifu waliouawa na Herode. Eglantyne, mwanamuke na si Mukatolika, akapokelewa na Papa. Walikuwa wamemupangia dakika 20. Walikaa zaidi ya saa mbili. Anglikana nao wakafuata. Mwaka uliofuata Papa akaandika tena, na safari hii akataja Mufuko ule kwa jina.

Tarehe 6 ya mwezi wa kwanza 1920 wakaunda Genève muungano wa mashirika ya inchi mbalimbali, Union internationale de secours aux enfants, chini ya ulinzi wa Msalaba Mwekundu. Kutoka siku ile Eglantyne akaishi kati ya London na Genève, mu treni. Nywele zake, ambazo mu ujana zilikuwa na rangi ya moto, zilikuwa nyeupe pi, na wenzake wakamupa jina la Mwali Mweupe.

Jaribu kubwa likaja mu 1921. Mu Urusi, kandokando ya mto Volga, mvua haikunyesha, na vita vya ndani vilikuwa vimemaliza akiba. Watu wakala majani, wakala ngozi. Mwezi wa tisa masuwa ya Mufuko, Torcello, ikatoka London na tani 600 za chakula. Mufuko ukapewa jimbo la Saratov, na mu wakati wa kazi nyingi ulikuwa unalisha watoto karibu 300.000 kila siku. Tuseme wazi kwamba Waamerika walilisha watu wengi zaidi kwa mbali, karibu milioni 10. Lakini Waamerika walikuwa na feza ya serikali yao. Mufuko ulikuwa unalomba mutu kwa mutu.

Na kulomba kwa ajili ya Urusi kulikuwa kugumu. Serikali ya Urusi ilikuwa ya ba komunisti. Mu Uingereza kwenyewe kazi zilikuwa zimekosekana, na gazeti moja kubwa, Daily Express, ikaanza kupiga Mufuko: eti njaa inakuzwa, eti musaada uanze nyumbani. Mufuko haukujibu kwa maneno peke yake. Ulituma mutu na mashine ya sinema mpaka Saratov, akapiga picha za majiko, za watoto, za maiti, na mu 1922 filamu ile ikaonyeshwa mu majumba ya Uingereza. Watu wakaona kwa macho. Siku hizi kila mutu ana filamu mu telefone. Wakati ule kutumia sinema kukusanya musaada kulikuwa jambo jipya kabisa.

Hapa kuna jambo la kubishana, na wenzake walibishana kweli. Mufuko ulikuwa umeajiri mutu wa mayele ya matangazo, Lewis Golden. Akanunua kurasa nzima za gazeti kutangaza njaa ya watoto. Ukurasa muzima ni feza nyingi. Marafiki wa kwanza wakakasirika: feza ya maziwa inalipa wino! Eglantyne akasimama upande wa Golden. Alisema kazi ya huruma iendeshwe kwa akili na ujasiri ule ule ambao mufanyabiashara anaweka mu duka lake, na hesabu njo itaonyesha. Hesabu ikaonyesha: kurasa zilileta kupita zilivyokula. Mimi ninaona alikuwa na haki, lakini haki ile ina bei yake. Ilihitaji vitabu vya hesabu ambavyo mutu yeyote anaweza kuuliza. Tumeona kwetu watu wanaozunguka na foto za mayatima, wanatumia mbinu zote za Golden, na daftari hawana.

Kuchoka kwa watu alikujua tangu Makedonia. Njaa inakwisha, gazeti zinanyamaza, mutoto anabaki yatima. Kwa hiyo alitafuta kuhama kutoka ku sahani ya supu kwenda ku kitu cha kudumu. Waliweka mupango wa ba parrain na marraine: mutu mumoja wa Uingereza anachukua mutoto mumoja wa mbali, anajua jina lake, anatuma kiasi kila wakati. Mu Bulgaria Mufuko ulisaidia kujenga kijiji kizima cha wakimbizi, Atolovo. Alirudia kusema kwamba musaada unaomuacha mutu akingoja musaada mwingine haukumaliza kazi.

Halafu kuna mulima Salève. Ni mulima unaotazama muji wa Genève, upande wa Ufaransa. Siku moja ya Mungu mu 1923 Eglantyne alipanda kule, akakaa na karatasi, akaandika mistari michache. Hakutaka kitabu kirefu cha ba avoka. Alitaka maneno mafupi ambayo mutu wa kila lugha anaweza kuelewa. Yalikuwa mambo matano. Mutoto apewe kila kinachohitajika akue vema, mwili na roho. Mwenye njaa alishwe, mugonjwa atunzwe, aliyebaki nyuma asaidiwe, aliyepotea arudishwe, yatima na asiye na kwao wapokelewe. Wakati wa hatari, mutoto awe wa kwanza kupata musaada. Mutoto atayarishwe kujipatia maisha, na akingwe asitumikishwe kwa faida ya wengine. Na alelewe akijua kwamba zawadi alizonazo ni za kutumikia wenzake. Juu ya yote hayo iliandikwa kwamba ni kwa watoto wote, bila kuangalia rangi, taifa ao dini. Tarehe 26 ya mwezi wa tisa 1924 Shirikisho la Mataifa likayakubali, na yakaitwa Tangazo la Genève.

Mbele ya hapo, mutoto mu sheria za inchi nyingi alikuwa mutu wa kuhurumiwa. Tangazo lile likasema ana kitu cha kudai. Lilipanuliwa na ONU mu 1959, na mu 1989 likawa mapatano yenye nguvu ya sheria. Inchi yetu, wakati ule ikiitwa Zaïre, ilitia mukono wake wa mwisho mu 1990, na sheria ya tarehe 10 ya mwezi wa kwanza 2009 ya kukinga mutoto imetoka mu ukoo ule ule. Jambo la ine, lile la kutotumikisha mutoto, liko mbele ya macho yetu kila asubuhi. Nenda ku karyeri yoyote ya wachimbaji wa mikono: utakuta mutoto wa miaka kumi anaosha mawe, mwingine anabeba mufuko unaomupita kilo, na wengi wao ukiwauliza baba yuko wapi, wanakuonyesha shimo. Mamzele huyu hakufika kwetu. Alipoandika mistari yake Elisabethville ilikuwa muji wa miaka 13, na sijui kama aliwahi kuutaja.

Mwili wake ulikuwa unachoka tangu ujana. Ugonjwa wa koo, ule uvimbe wa tezi unaoitwa goitre, ulimupasulisha mara tatu. Aliandika mikanda akiwa kitandani. Alikufa Genève tarehe 17 ya mwezi wa kumi na mbili 1928, miaka 52.

Mwaka wa tatu baada ya kufa kwake, mwezi wa sita 1931, muungano wa Genève uliita mukutano mukubwa juu ya watoto wa Afrika: vifo vya watoto wachanga, masomo, kazi za watoto. Walikuja ba misionere, wakubwa wa makoloni, ba docteur. Waafrika wenyewe waliokaa mu chumba kile walihesabika ku vidole.

Eglantyne alizikwa mu makaburi ya Saint-Georges, pembeni ya muji. Mu 1924 wakati Tangazo linakubaliwa, Genève ilimujua kama mugeni mwembamba anayekimbilia treni. Mu 2024, miaka mia moja kamili, muji ulitoa mabaki yake kule na kuyalaza upya mu Cimetière des Rois, mahali inapozika watu inaotaka kuheshimu.